Sofa za Mwenyekiti

Harufu ilimpokea Mwalimu Kasiana Nyoni kabla hajaingiza ufunguo mlangoni. Alikuwa ametoka Maposeni kwa mdogo wake, alikokwama siku mbili akisubiri mvua ipungue ili magari yapite. Mkononi alishika kifuko cha maharage mabichi. Akadhani labda paka amefia kwenye korido. Akafungua mlango, akakanyaga ndani, kiatu kikazama.

Maji taka yalikuwa yamejaa nyumba nzima, yamepita kifundo cha mguu. Yalikuwa mazito, rangi yake kama uji wa ulezi ulioungulia, na juu yake vilielea vitu ambavyo mtu akishavitoa mwilini hatarajii kuviona tena, viwe vyake au vya jirani. Viatu vyake vya Jumapili vilikuwa vikizunguka polepole karibu na mguu wa meza. Kapeti lilikuwa limeumuka. Kutoka chooni ilisikika sauti ya kukoroma, kama ya mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu.

Akiwa bado amesimama pale, alisikia mtu wa ghorofa ya juu akivuta maji ya choo. Muda si muda choo chake kikacheua.

"Msivute maji huko juu!" alipiga kelele. "Jamani, msivute maji!"

Baada ya kitambo kidogo wakavuta tena. Mwalimu Kasiana aligeuka, akashika kizingiti, akatapika chai yote aliyokunywa kwa mdogo wake.

Nyumba hiyo ndiyo ilikuwa jasho la maisha yake. Alifundisha miaka thelathini na mmoja, mingi kati ya hiyo huko Madaba, akamzika mumewe akiwa bado kazini, na alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake akanunua nyumba moja katika jengo la ghorofa tatu pale Msamala. Jengo lilikuwa na nyumba sita, kila moja na hati yake na mwenyewe wake. Watu walimshangaa. Mwenzao anastaafu, badala ya kununua kiwanja na kupanda migomba, ananunua vyumba ndani ya jengo la watu wengi! Yeye alisema amechoka kufyeka nyasi. Alichagua nyumba ya chini kwa sababu ya magoti.

Sasa fundi bomba, mtu mmoja mwembamba aitwaye Aidani, alikuwa amepiga magoti nyuma ya jengo juu ya chemba ya maji taka, akiingiza fimbo ndefu ya chuma na kuitoa. Kila alipoitoa ilikuja na kitu. Zilitoka nepi za kutupa, nyingi, zimevimba kama mito. Likatoka tambara la kudekia. Yakatoka manyoya ya kuku na donge la mafuta ya kupikia lililoganda, kubwa kama kichwa cha mtoto.

"Mwalimu, wewe una mtoto mchanga?" Aidani aliuliza.

"Nina miaka sitini na mbili."

"Basi mzigo huu si wako. Umeshuka kutoka juu kwenye bomba la wote. Ulipokosa njia ukatafuta choo kilicho chini kuliko vyote." Alilitupa lile donge kwenye majani, akajipangusa kwenye suruali. "Watu wanaona choo kama shimo lisilo na mwisho. Wakishavuta maji, wanasahau."

Chemba ilipozibuka, maji yalishuka yakaacha tope. Hapo ndipo hasara ilipoonekana vizuri. Kitanda kilikuwa kifupi, na godoro lilikuwa limefyonza uchafu kutoka chini hadi katikati. Kabati la nguo lilikuwa limevimba, milango haifungi. Gunia la mchele na ndoo ya unga, vyote vilikuwa sakafuni, vyote vya kutupa. Cherehani ilikuwa salama juu ya meza, lakini sanduku la vitenge lililokuwa chini yake lilijaa hadi mfunikoni. Kwenye droo ya chini ya kabati ndiko ilikokuwa albamu ya harusi. Mwalimu aliifungua, akajaribu kufuta picha moja kwa pindo la khanga. Uso wa marehemu mumewe ukabanduka wote, ukabaki kwenye khanga kama doa.

Hakulia. Alihisi kinyaa tu, kinyaa kilichomjaa mpaka kooni. Hao majirani aliwajua wote. Alikuwa amekula pilau yao Idi na Krismasi, na leo matumbo yao yalikuwa yamemfuata hadi kitandani.

Jioni ile ndipo alipokumbuka bima.

Alikuwa ameikata kwa huruma. Mwaka uliopita Ursula, aliyekuwa mwanafunzi wake wa darasa la sita, alikuja mlangoni amevaa suti iliyompwaya, akasema sasa yeye ni wakala wa bima na wiki tatu hajapata mteja hata mmoja. Mwalimu alimwambia jengo lao tayari lina bima, wanachanga kila mwaka kupitia umoja wa wamiliki.

"Hiyo ni bima ya jengo, Mwalimu," Ursula alisema wakati ule. "Inalinda ukuta, paa, sakafu na mabomba ya wote. Kitanda chako haikijui. Nguo zako haizijui. Hivyo vya ndani kila mwenye nyumba anavikatia mwenyewe."

Mwalimu aliposimulia jambo hilo kwenye mkutano wa wamiliki, walicheka. Mwenyekiti Romwaldi, mstaafu wa chama cha ushirika aliyeishi naye uso kwa uso ng'ambo ya korido, alicheka kuliko wote. "Mwalimu amekatia bima masufuria!" alisema. Fulgence wa ghorofa ya pili, muuza vipuri vya pikipiki, aliuliza kama bima hiyo inalipa pia chumvi ikimwagika.

Ursula alifika kesho yake asubuhi, amebana pua kwa kitenge.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole sana. Pole jamani."

"Marahaba. Ingia, kama unaweza."

Ursula hakuweza kufika mbali. Akiwa mlangoni alimweleza taratibu. Aandike orodha ya vitu vyote vilivyoharibika. Apate barua ya umoja wa wamiliki, yenye muhuri, kuthibitisha kwamba bomba lililoziba ni la wote na si la ndani ya nyumba yake. Asitupe kitu chochote. Mkaguzi wa hasara, dada mmoja aitwaye Saada, angekuja Alhamisi kuviona kwa macho yake.

"Leo Jumatatu," Mwalimu alisema. "Unataka niyaweke haya mpaka Alhamisi?"

"Ndivyo mkataba unavyotaka, Mwalimu. Samahani."

Basi alifungua madirisha, akamwachia mwenyekiti ufunguo ili Aidani aweze kuingia kukausha sakafu, akaenda kulala kwa Aurelia, mwenzake wa kwaya, kule Mjimwema. Aurelia alimchemshia maji ya kuoga mara mbili. Hata baada ya kuoga mara ya pili Mwalimu alinusa mikono yake, akaona bado.

Usiku huo aliandika orodha. Aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Kitanda na godoro. Kabati. Kapeti. Sanduku la vitenge na vitenge vilivyokuwemo. Mchele, unga. Alipofika jikoni alisita. Friji lake lilikuwa limekufa kabla ya Krismasi. Fundi alilifungua, akatikisa kichwa, na tangu hapo lilikuwa kabati la kuwekea vitunguu. Lakini maji yalilifikia, hilo ni kweli. Lilikuwa limesimama ndani ya uchafu kama vitu vingine, na nani angejua? Akaandika: Friji moja, zima. Akafunga kalamu, akalala.

Jumatano alikwenda kwa mwenyekiti kuchukua barua.

Kwa Romwaldi maji yalikuwa yameingia bafuni tu na kipande cha korido, yakakauka siku hiyohiyo. Sebule ilikuwa kavu, inanukia dawa ya sakafu. Mkewe Beata alimkaribisha Mwalimu kwenye sofa. Zilikuwa sofa tatu za rangi ya kijani, za zamani, zimebonyea katikati, zimefunikwa vitambaa vyeupe alivyofuma Beata mwenyewe. Akamletea togwa kutoka kwenye jagi la bluu la plastiki. Togwa ilikuwa nzuri, kitu cha kwanza kilichokaa tumboni kwake tangu Jumapili.

"Barua ipo," Romwaldi alisema. "Muhuri upo. Hata leo ningekupa."

"Asante, Mwenyekiti."

"Ila nilikuwa nawaza." Aliegemea mbele. "Janga hili ni la jengo zima. Leo limekukuta wewe, kesho mimi. Wewe una bahati, una bima. Sisi wengine hatuna. Sasa mtu mwenye mwavuli, mvua ikinyesha, anawaacha wenzake?"

"Sijaelewa."

"Unaelewa, Mwalimu. Orodha ni yako wewe. Mkaguzi hajui ulikuwa na viti vingapi. Ukiandika viti, utakuwa na viti. Ukiandika televisheni, utakuwa na televisheni. Fidia ikitoka, tunakaa kama ndugu." Akatabasamu. "Sisi hapa ni walongo, damu moja."

Beata alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Aliinamisha macho, akaanza kupangusa jagi ambalo lilikuwa tayari safi.

Mwalimu alipaswa kusema hapana pale pale. Baadaye alijilaumu sana kwa hilo. Lakini alifikiria barua, akafikiria pia friji, na ulimi ukawa mzito. Alimaliza togwa, akasema, "Nitakuja kesho mapema," akaondoka. Romwaldi alimsindikiza mpaka nje, mchangamfu, akamsimamishia bodaboda kwa mkono wake.

Alhamisi alifika saa mbili asubuhi. Mlango wake haukuwa umefungwa. Alipousukuma uligonga kitu, ukakataa kufunguka wote. Akajipenyeza ubavu.

Sofa za kijani zilikuwa sebuleni kwake, zote tatu.

Nyuma ya sofa kulikuwa na televisheni ya Fulgence, ile ya kioo kilichopasuka ambayo watoto wake walikuwa wakiichezea ngazini mwezi mzima. Kulikuwa na magodoro mawili asiyoyajua. Kulikuwa na redio isiyo na mfuniko wa betri. Vyote vilikuwa vimelowa, na harufu ilikuwa mbichi. Siku tatu za madirisha wazi zilikuwa zimeanza kuipunguza ile ya kwanza, lakini hii ilikuwa ya jana usiku.

Mwalimu alizitazama zile sofa, mwanzoni bila kuelewa. Maji yalipokuja hayakufika hata magotini. Alama yake ilikuwa ukutani, mstari wa kahawia ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Lakini sofa zilikuwa zimechafuka mpaka juu, kwenye mikono na kwenye egemeo. Uchafu ulikuwa umemiminwa, kisha ukasambazwa. Kwenye mkono wa sofa moja alama za vidole vinne zilionekana wazi, pale mtu alipoupaka, kama anavyosiliba ukuta wa udongo. Na sakafuni, kati ya sofa na televisheni, lilikuwa limesahauliwa jagi la bluu la plastiki, limejaa hadi nusu.

Walikwenda kwenye chemba. Wazo hilo lilimwingia polepole. Hakukuwa tena na maji taka ndani ya nyumba, kwa hiyo walikwenda nyuma ya jengo, wakafunua chemba, wakachota. Watu wazima, wenye wajukuu, waliinama gizani na jagi la togwa wakachota mavi ya jengo zima, wakayabeba kwa uangalifu yasimwagike njiani, wakaja kuyapaka kwenye viti vyao.

Alikimbilia dirishani, hakikutoka kitu ila mate machungu.

"Umeshafika, Mwalimu!"

Romwaldi alikuwa koridoni, amevaa koti, ameoga, ananukia sabuni. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara mbili. Beata alikuwa nyuma yake.

"Barua hii hapa," alisema. "Nimegonga muhuri mara mbili, ili wasisumbue."

"Mlichota na nini?" Mwalimu aliuliza.

"Nini?"

"Mavi. Mlichota na nini, Mwenyekiti?"

Romwaldi alicheka kidogo, akatazama korido. "Punguza sauti."

"Jana nilimwambia mkeo togwa yake ni tamu. Nikaomba anijazie tena." Alinyoosha kidole sakafuni. "Lile ni lile lile?"

Beata alifunika uso kwa viganja.

"Mwalimu, usifanye mambo ya kitoto," Romwaldi alisema, sasa hacheki. "Kampuni ya bima si mtu. Haina tumbo, haiumwi, haina watoto. Imekula hela za watu nchi nzima. Ukichomoa kidogo inapungua nini? Na wewe uliitikia. Ulikunywa togwa yangu ukasema utakuja mapema. Umekuja mapema."

Alimnyooshea barua. Mwalimu aliutazama ule mkono. Ulikuwa umesuguliwa mpaka ngozi ikang'aa, lakini chini ya kucha ya kidole gumba ulibaki mstari mweusi. Hakuweza kuondoa macho kwenye mstari huo. Alijua akiipokea barua, vidole vitagusana.

"Iweke juu ya dirisha," alisema.

Kabla hajaiweka, walisikia pikipiki ikizimwa nje, na Saada akaingia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Tunduru, ushungi wake ameufunga imara na buti za mpira miguuni, na alionekana mtu aliyekwisha kunusa mengi. Alisalimia, akatoa pole, akavaa glavu. Kisha akasimama katikati ya sebule, akatazama kitu kimoja baada ya kingine.

"Mama," alisema mwishowe, "orodha yako Ursula alinitumia jana. Sioni sofa humu. Naona friji, kitanda, kabati. Hizi sofa ulizisahau?"

"Alikuwa amechanganyikiwa," Romwaldi alidakia. "Mjane, peke yake, ameona mambo makubwa. Mimi ndiye mwenyekiti wa umoja. Ni zake. Hata televisheni."

Saada hakumtazama. "Namuuliza mama."

Mwalimu Kasiana alifungua mkoba, akatoa nakala ya orodha yake. Alitaka kusema jambo moja tu, kwamba sofa si zake. Lakini macho yalitua kwenye mwandiko wake mwenyewe: Friji moja, zima. Herufi nzuri, zimesimama wima. Akaona kwamba yeye pia alikuwa ameinama gizani akachota, ila alichotea kalamu. Kile kinyaa alichokuwa nacho kwa Romwaldi kikageuka kikamtazama yeye, na hicho kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu hakuwa na dirisha la kukikimbilia.

"Sofa si zangu," alisema. "Televisheni si yangu, redio si yangu, na magodoro hayo mawili siyajui. Vimeletwa usiku. Vitu vyangu ni vile vilivyo chini ya ule mstari wa ukutani." Akaweka kidole kwenye mwandiko wake. "Na friji halikuwa zima. Lilikufa kabla ya Krismasi. Niliandika uongo mimi mwenyewe, hakunilazimisha mtu."

Saada alichukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya friji, akamwomba Mwalimu atie sahihi kando yake.

"Madai hayajafungwa, mama. Unaruhusiwa kusahihisha," alisema. "Yangekwisha kufungwa tungezungumza mengine."

Romwaldi aliikunja barua tena, safari hii mara nne, akaitia mfukoni mwa koti.

"Basi hakuna barua," alisema. "Bila barua ya umoja bomba ni lako, choo ni chako, na uchafu ni wako. Tuone atakayekulipa."

Saada alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Barua hunirahisishia kazi, mzee wangu. Lakini macho ninayo. Chemba iko wapi?"

Walikwenda nyuma wote. Rundo alilolitoa Aidani lilikuwa bado kwenye majani, nepi na manyoya na lile donge la mafuta, limejaa nzi. Saada alipiga picha. Akainua mfuniko wa chemba, akafuata bomba kwa macho kutoka ghorofa ya tatu hadi chini, akapiga picha tena. Kando ya chemba, kwenye tope, nyayo za malapa zilikuwa zimejaa, zikienda na kurudi mlangoni kwa Mwalimu, na matone yamezifuata njia nzima. Alizipiga picha nazo. Kisha akamwomba namba ya simu ya Aidani.

Fulgence alikuwa amejitokeza kwenye dirisha la ghorofa ya pili. Alitazama, akafunga pazia.

Fidia ilitoka baada ya wiki tano. Haikuwa kama alivyotarajia. Kabati na kapeti vilihesabiwa kama vitu vilivyochakaa, si kwa bei ya vipya, na kwa albamu hakukuwa na mstari wa kuandika. Lakini ilitosha kununua kitanda na godoro na kupaka rangi ukutani, juu ya ule mstari.

Kabla ya hapo ilibidi aondoe zile sofa. Zilikaa sebuleni kwake siku nne. Romwaldi hakuja kuzichukua, kwani kuzichukua kungekuwa kukiri ni zake, na Fulgence vilevile kwa televisheni yake. Kila asubuhi Mwalimu alikuja kutoka Mjimwema akakuta bado zipo, zimeanza kuota ukungu mweupe, na nzi wamezifanya kwao. Mwishowe alitafuta mwenye mkokoteni azipeleke dampo pamoja na vile vingine. Yule mtu alizitazama, akazinusa, akataka alipwe mara mbili na barakoa juu. Zilipopitishwa koridoni, milango yote ilikuwa imefungwa. Nyuma ya mlango wa mwenyekiti mtu alikohoa.

Hakuna aliyemsalimia mwezi mzima. Kwenye ngazi wanawake walimpisha kama anayenuka. Fulgence alisema pale nje, kwa sauti ya kusikika, kwamba kuna watu wakisoma sana wanasahau utu. Mwalimu alisikia, akaendelea kumwaga dawa kwenye mifereji. Alikuwa anadeki mara tatu kwa siku. Hakuweza kunywa uji wa ulezi, wala kula kitu chochote cha rangi ile. Jumapili moja kanisani, ulipofika wakati wa kupeana amani, aligeuka akakuta Romwaldi yuko nyuma yake, amenyoosha mkono. Watu walikuwa wanatazama. Mwalimu aliushika, akasema, "Amani," na kwa sehemu yote iliyobaki ya misa alikaa na kiganja kimefunguliwa juu ya goti, mbali na gauni lake.

Kisha siku moja asubuhi Beata aligonga mlango. Hakuingia. Alibaki kizingitini, khanga ameizungusha mabegani, anatazama miguu yake.

"Mwalimu, sijaja kukuomba radhi," alisema. "Najua haitoshi. Mimi ndiye niliyemshikia tochi."

Mwalimu alibaki ameshika kitasa.

"Alisema nisiposhika atamwita mtu mwingine, aibu itatoka nje. Nikashika. Sasa tunakaa kwenye viti vya plastiki, na wageni wakiuliza anasema sofa zimepelekwa kwa fundi." Alivuta pumzi. "Wiki iliyopita choo chetu kimeanza kukoroma. Nimewaambia wa juu kuhusu nepi, wananicheka. Nina vyombo vya marehemu mama yangu mle ndani. Nina cheti cha ndoa. Nimesikia ofisi ya yule binti wa bima iko karibu na stendi. Naomba unipeleke. Romwaldi asijue."

Mwalimu Kasiana alimtazama. Alikuwa anatafuta ndani yake huruma na alikuta kidogo sana, kama mabaki ya sabuni. Kilichokuwepo kwa wingi ni kile kile, bado kiko kooni, na alielewa kwamba kitakaa naye muda mrefu, labda kwa maisha yaliyobaki katika jengo lile, pamoja na watu hawa ambao ukuta na bomba vimewaunganisha.

"Ngoja nivae viatu," alisema.

Walishuka barabarani pamoja, Beata upande mmoja, yeye upande wa pili. Ofisini Ursula aliinuka haraka kumsalimia mwalimu wake, akavuta viti viwili akaviweka sambamba mbele ya meza. Mwalimu alisogeza cha kwake kando kidogo, karibu na dirisha lililokuwa wazi. Akamwambia Ursula, "Mama huyu ni jirani yangu. Mwandikie. Na mweleze vizuri, mwanzo mpaka mwisho, nini kinalipwa na nini hakilipwi."

Beata aliketi, akaanza kutaja vitu vyake kimoja kimoja.